Kabla Hujabonyeza Saa

Mtu aliyekulia kwenye kijiwe cha drafti haji kwenye sataranji mikono mitupu. Ubao ni uleule wa miraba 64, jicho limezoea kuona hatua tatu nne mbele, na moyo umeshakomaa kwa kufungwa hadharani. Hapa Mwanza mtaji huo upo tele. Pita Kirumba jioni, upande wa Mwaloni, wakati magunia ya dagaa yanasubiri malori. Hutakosa ubao, vizibo vya soda vimepangwa kumi na viwili kila upande, na watu kumi na kitu wamesimama juu ya vichwa vya wawili wanaocheza. Na kabla ya drafti, Usukumani kulikuwa na isolo, bao la mashimo na kete, ambalo wazee walilicheza kwa hesabu za kichwani tu.

Tatizo ni kwamba mtaji huo unakuja na mazoea yake. Kijiweni kila aliyesimama ni kocha. "Kula hiyo!" "Mwache aje!" Ukikosea unacheka, unarudisha kete, na mwenzako akiwa mstaarabu anakuachia. Kwenye ukumbi wa mashindano, kete ukiigusa umeioa. Na kile kimya, jamani, kimya cha watu arobaini wanaofikiri kwa pamoja, kinaweza kumtoa jasho mtu aliyezoea kucheza huku akibishana juu ya Simba na Yanga.

Makala haya ni ya wewe unayecheza sataranji nyumbani, shuleni au kwenye simu (vijana wanaiita chesi, na sina ugomvi nao), na sasa unataka kukaa kwa mara ya kwanza kwenye meza yenye saa, karatasi na mwamuzi. Sitakufundisha jinsi farasi anavyoruka. Nitakueleza mambo niliyojifunza kwa kufungwa, na mengi yamo ndani ya nusu pointi moja niliyoitupa mwenyewe katika mji huuhuu. Kwa ngazi yetu, sisi wachezaji wa klabu, ni mara chache mtu akushinde kwa werevu wake. Mara nyingi unamkabidhi. Mimi nakupa zawadi, wewe unanirudishia, na anayepoteza ni yule aliyetoa zawadi ya mwisho. Kwa hiyo maandalizi yenye faida ni yale ya kupunguza zawadi.

Tuanze na jambo linalowavunja moyo wengi bure. Sisi tumezoea mtoano: ukifungwa leo, kesho unarudi nyumbani. Mashindano mengi ya sataranji huchezwa kwa mfumo wa Uswisi, ulioanza kutumika Zurich mwaka 1895, na humo hakuna anayetolewa. Unacheza raundi zote, tano au sita au zaidi, na kila raundi unapangwa na mtu mwenye pointi sawa na zako au zinazokaribia. Ushindi ni pointi moja, sare ni nusu. Maana yake ni kwamba ukifungwa raundi ya kwanza, raundi ya pili utakutana na mwingine aliyefungwa pia, na huyo huenda ana hofu kuliko wewe. Nimewaona vijana wakifungwa asubuhi, wanakunja begi, wanapanda daladala kurudi Igoma. Wameacha raundi nne mezani ambazo walishazilipia kiingilio.

Sasa sheria. Wengi huzipuuza kwa kudhani ni kazi ya mwamuzi, kumbe ndiko zawadi za kwanza zinakogawiwa.

Ukigusa kete yako kwa makusudi, utaicheza. Ukigusa ya mwenzako, utaila kama inalika. Ukitaka tu kuiweka sawa katikati ya mraba wake, sema "narekebisha" kabla ya kuigusa, na iwe ni zamu yako. Kumficha mfalme nyuma ya ngome hufanywa kwa mkono mmoja, na mfalme ndiye anayeguswa kwanza. Ukianza na ngome, mwenzako ana haki ya kudai uichezeshe hiyo ngome tu, na mfalme wako atabaki katikati kama mtu aliyeachwa na kivuko. Saa nayo hubonyezwa kwa mkono uleule uliochezea kete. Askari wako akifika mwisho wa ubao na malkia wa ziada hayupo karibu, usigeuze ngome kichwa chini ukajifanya ni malkia, kama tunavyofanya nyumbani. Kwa mwamuzi hiyo ni ngome. Simamisha saa, omba malkia, kisha endelea. (Kamusi zinamwita askari huyo kitunda. Mimi nitamwita askari, kama tunavyomwita mezani.)

Hatua isiyo halali, kwa mfano kumwacha mfalme kwenye cheki, ukishaibonyezea saa unampa mwenzako dakika mbili za nyongeza katika mchezo mrefu. Ya pili, umefungwa. Simu ndiyo mbaya zaidi. Ikae imezimwa kabisa ndani ya begi, kama mwamuzi ameruhusu iingie ukumbini, na isikae mfukoni. Ikilia tu, mchezo umekwisha, hata kama ulikuwa mbele kwa malkia mzima na anayepiga ni mama mkwe.

Na hii iandike pembeni, kwa sababu siku moja itakuokoa au itamwokoa mwenzako: mtu akibaki na mfalme peke yake, hawezi kushinda hata saa yako ikiisha. Inakuwa sare. Kwa hiyo ukiona dakika zinakwisha na huna njia ya ushindi, kula kila alichonacho. Ukiwa na shaka yoyote, usibishane na mpinzani. Simamisha saa, nyosha mkono, mwamuzi aje. Hakuna anayekuona mshamba kwa hilo. Mshamba ni yule anayepandisha sauti.

Sasa nikusimulie mchezo wangu.

Ilikuwa shindano la wikiendi, dakika sitini kila mmoja bila nyongeza. Nilikuwa na kete nyeupe. Mbele yangu akakaa kijana wa chuo, mwembamba, akaniamkia "Shikamoo mzee" kwa adabu zote, nami nikaitikia marahaba huku moyoni nikisema huyu namla kabla ya chai. Wiki nzima nilikuwa nimekariri mtego mmoja wa Kiitaliano. Askari e4, wake e5. Farasi f3, wake c6. Askofu c4, farasi wake wa pili f6. Hapo farasi wangu anarukia g5, anaungana na askofu kuukodolea macho mraba wa f7, pale penye udhaifu kwa sababu mlinzi wake ni mfalme peke yake. Mweusi anasukuma askari d5, mimi namla, na mweusi asiyejua anakula kwa farasi. Akifanya hivyo ndipo ninapomtoa farasi wangu sadaka kwenye f7, mfalme anaburutwa hadi katikati ya ubao, na vitabu vinauita mpango huo shambulio la ini la kukaanga. Nilikuwa na njaa nalo.

Kijana hakula. Farasi wake wa c6 akaenda pembeni, a5, akamshambulia askofu wangu. Ndiyo hatua sahihi, na aliicheza bila kufikiri sekunde kumi.

Nikaduwaa. Kila nilichokuwa nimekariri kiliishia pale. Nikakaa nikakaa, na nilipoinua kichwa saa yangu ilikuwa imekula dakika kumi na tisa kwa hatua moja. Nikampa cheki ya b5, akaziba kwa askari c6, tukalana, nikawa mbele kwa askari mmoja. Kwa karatasi nilikuwa mbele, lakini askofu wangu akafukuzwa na askari, farasi wangu akafukuzwa na askari mwingine, na wakati zangu zinarudi nyumbani zake zote zilikuwa zinatoka.

Hapa kuna ushauri wa kwanza kutoka kwenye jeraha: usiende kwenye shindano na mtego kama silaha yako kuu. Chambo ni kitu kizuri, waulize wavuvi wa sangara, lakini mvuvi hatupi ndoano moja na kwenda kulala. Jifunze kufungua mchezo kwa kanuni badala ya makisio: askari katikati, farasi na maaskofu nje, mfalme mafichoni kabla ya hatua ya kumi. Na mitego ya wengine uijue ili usinaswe nayo. Watoto wengi wanapenda kumtoa malkia mapema hadi h5, askofu c4, wakilenga f7. Jibu lake ni rahisi. Malkia akifika h5 hatua ya pili, mlinde kwanza askari wa e5 kwa farasi c6. Askofu akija c4, ndipo usukume askari g6 kumfukuza malkia, na akikimbilia f3, farasi f6 anamzibia njia. Usianze na g6. Malkia atamla askari wa e5 kwa cheki, na papo hapo atakuwa ameishika ngome yako ya h8. Hiyo ni zawadi ambayo nimeiona ikitolewa zaidi ya mara moja.

Turudi mezani. Katikati ya mchezo nilimwacha farasi bila mlinzi kwa hatua mbili nzima. Kijana hakumwona, kwa sababu alikuwa amezama kwenye mpango wake wa kumwinda mfalme wangu. Nami sikumwona. Nilimgundua usiku, nikipitia karatasi, nikashtuka kitandani kama aliyeota. Watu wawili wenye akili timamu, wameketi saa mbili wakitazama ubao mmoja, na farasi mzima amesimama njiani kama mbuzi aliyekatika kamba.

Dawa ya hilo ni tabia. Mwenzako akishacheza, jiulize kwanza: hatua hiyo imebadilisha nini, na imeacha nini wazi? Kisha utazame cheki zote, kula zote na vitisho vyote, vyako na vyake, hata vile vinavyoonekana vya kipuuzi. Ukishachagua hatua, kalia mikono yako, tazama ubao upya kana kwamba umeingia ukumbini sasa hivi, halafu cheza. Zamani walimu walifundisha uandike hatua kwenye karatasi kabla ya kuicheza ili upate nafasi ya kuitafakari. Sheria za sasa zinakataza: unacheza kwanza, ndipo unaandika. Lakini kule kutulia kwa sekunde tano bado kunaruhusiwa, na hakulipiwi.

Kete zikapungua. Tukabaki na ngome moja kila mmoja, mimi nikiwa na askari wa f2 ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoka nyumbani. Ngome na askari mmoja dhidi ya ngome, mfalme wa mtetezi akiwa mbele ya askari, kwa kawaida ni sare kama mtetezi ametulia. Kijana alikuwa amechoka. Akaniletea ngome yake tubadilishane, akidhani kete zikipungua ndivyo sare inavyokaribia. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yake. Kabla hujabadilisha kete ya mwisho, hesabu vita vya wafalme na askari vitakavyobaki, maana humo hakuna tena pa kujificha. Nilikula ngome kwa furaha. Ubaoni pakabaki hivi: mfalme wangu e4, askari wangu f2, mfalme wake f6. Zamu yangu. Saa yangu sekunde arobaini.

Nafasi hiyo ni ushindi kwa mweupe. Nikasukuma askari hadi f4, na ushindi ukaisha palepale.

Kaa hapa na mimi kidogo, kwa sababu hili ukilielewa utakuwa mbele ya nusu ya ukumbi. Katika vita hivi, askari hamtangulii mfalme. Mfalme ndiye anayefungua njia. Wafalme wawili wakitazamana na mraba mmoja katikati, hakuna anayeweza kumsogelea mwenzake, na kwa kuwa sataranji haina kupitisha zamu, anayetakiwa kucheza ndiye anayepisha. Fikiria watu wawili waliokutana kwenye kichochoro cha Mabatini, bega haliwezi kupita bega. Anayelazimika kusogea wa kwanza ndiye anayeacha njia.

Hatua sahihi ilikuwa mfalme kwenda f4. Hapo tunatazamana, f4 na f6, na zamu ni yake. Akisogea e6, napita g5. Akisogea g6, napita e5. Akirudi nyuma, namfuata na kutazamana naye tena, na kila anapopisha napanda. Askari yuko nyuma ametulia, anangoja njia isafishwe. Lakini nilipomsukuma hadi f4, kijana akaenda e6, tukatazamana e4 na e6, na zamu ikawa yangu. Sasa mimi ndiye niliyetakiwa kupisha. Hata kama ningemsogeza hatua moja tu, f3, matokeo yangekuwa yaleyale: mfalme wake e6, zamu yangu, sare.

Angalia ubaya wa kosa lenyewe. Askari aliyeko nyumbani ana hatua mfukoni. Siku utakapotazamana na mfalme wa mwenzako na zamu ikawa yako, unaweza kumsogeza askari mraba mmoja na kumrudishia mwenzako mzigo wa kupisha. Wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwa wanafikiria sataranji, lakini mimi akiba yangu niliitumia siku ambayo sikuwa na shida.

Kijana naye alijua kujitetea, na hili nalo ulichukue. Nilisukuma f5 kwa cheki, akakaa f6 mbele ya askari. Nikaja f4, akarudi f7. Nikapanda e5, akaja e7, tunatazamana. Nikasukuma f6, akarudi f7. Nikaja f5. Hapo mtetezi akienda e8 au g8 amekufa. Anatakiwa kurudi moja kwa moja nyuma, f8, ili mfalme wangu akipanda upande wowote amfuate na kutazamana naye. Alirudi f8. Nikaenda e6, akaenda e8. Nikasukuma f7 kwa cheki, akakaa f8, na hapo ama nimwache askari aliwe, ama nije f6 mfalme wake akose pa kwenda bila kuwa kwenye cheki. Sare. Nikashika mkono wake, tukasaini karatasi.

Nje, kwenye korido, akaniambia, "Mzee, samahani. Kwa nini hukumtanguliza mfalme? Mimi nilishajua nimekwisha." Akatoa ubao wake mdogo kwenye begi, akanionyesha, mtoto wa umri wa wanangu. Zile dakika kumi za korido zilinifaa kuliko wiki nzima ya ini la kukaanga.

Ndiyo maana nasisitiza: mchezo ukiisha, uliyefungwa na uliyefunga, tokeni nje ya ukumbi mkae pamoja. Muulize aliona nini, aliogopa nini. Utashangaa kukuta hatua uliyoihofia nusu saa yeye hakuiwaza kabisa. Ukifika nyumbani, pitia karatasi yako mwenyewe kwa kalamu, andika pembeni ulichokuwa unafikiri, ndipo ufungue programu ya simu. Lichess ni ya bure kabisa na haikuletei matangazo, kwa hiyo bando dogo linatosha. Lakini ukiifungua kwanza, mashine itakuambia jibu na wewe utaitikia kwa kichwa, halafu wiki ijayo utakosea vilevile. Mashine inajua kwamba f4 ni kosa. Haijui kwamba ulikuwa na sekunde arobaini.

Na zile sekunde arobaini ndizo mzizi wa kosa lenyewe. Nafasi ile niliifahamu. Ningepewa dakika tatu ningeiona. Dakika tatu hizo nilizichoma asubuhi kwenye hatua ya sita, nikitafuta mtego uliokwisha kuvunjika. Mchezo wa dakika sitini ugawe kabla hujaketi: robo ya kwanza itoshe kutoa kete nje, nusu iwe ya katikati ambako ndiko fujo iliko, na robo ya mwisho usiiguse mpaka kete zibaki chache. Ukijikuta unafikiri hatua moja kwa zaidi ya dakika sita, chagua iliyo salama kati ya mbili ulizonazo na uicheze. Kwa ngazi yetu, hatua ya wastani yenye dakika kumi mfukoni ni bora kuliko hatua nzuri yenye dakika moja.

Mambo ya mwili sitayakalia sana, lakini yanaamua raundi za mchana. Anayetoka Ukerewe kwa meli asijipange kufika asubuhi ya mashindano. Alale mjini. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ila nafuu hiyo isiwafanye waondoke nyumbani kwa kuchelewa. Kati ya raundi, sahani iliyojaa ugali na sato mzima itakulaza mezani. Kula ndizi, karanga, maji, na huyo sato mwache hadi jioni, utamla kwa raha zaidi. Dakika za kungoja usizimalize kwenye simu ukicheza michezo ya haraka. Tembea kuelekea ufukweni, yatazame maji, macho yapumzike na miraba.

Kuhusu namba, maana kuna watu wanafungwa na karatasi ya ratiba kabla ya kuketi. Kiwango cha Elo, alichokibuni Arpad Elo na shirikisho la dunia, FIDE, likakikubali mwaka 1970, ni makadirio ya matokeo na kamwe si cheo. Mtu aliyekuzidi pointi 200 anatarajiwa kuchukua takriban pointi 76 katika kila 100 mtakazogombania. Zinabaki 24. Hizo ni zako, na hakuna aliyeandika kwamba mojawapo haitakuwa ya leo.

Wale watakaosema mchezo huu si wa watoto wetu, niwapeleke ng'ambo ya ziwa letu hilihili. Katwe, mtaa wa watu maskini Kampala, mwalimu Robert Katende alikusanya watoto akawafundisha sataranji, na wengi walivutwa kwanza na kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alifika Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2012 huko Istanbul akapata cheo cha FIDE, yeye na Ivy Amoko wakiwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo katika mchezo huo. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake. Watu huikumbuka filamu. Mimi nakumbuka zaidi ule uji, na mwalimu aliyeendelea kuja, na watoto walioendelea kurudi. Mzazi wa Nyakato au Buswelu asiyeweza kununua kete anaweza kuchukua ubao wa drafti na vizibo 32, akaandika kila kimoja jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Farasi wa kizibo anaruka sawasawa na farasi wa mbao.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, panga ile nafasi yangu. Mfalme mweupe e4, askari f2, mfalme mweusi f6, zamu ya mweupe. Mpe upande mweusi yeyote aliye nyumbani, kaka, binti, hata mzee wako, na mweleze namna ya kurudi moja kwa moja nyuma. Ukishinda mara tano mfululizo, kila mara mfalme akimtangulia askari, kajiandikishe. Chukua kalamu mbili, moja huwa inakauka.